Mita Mia Mbili na Kumi

Kutoka ukingo wa daraja hadi wanapolala korongo
ni mita mia mbili na kumi.
Nilizipima kwa kamba ya kufungia ndama,
kiangazi, mto umepungua na wenyewe hawapo.

Sitaki picha ya kutundika.
Nataka kuisoma pete ya mguuni mwa yule jike,
ya kijani, herufi tatu nyeupe,
nijue kama ni yuleyule
aliyekuwa akiokota mahindi nyuma ya zizi letu
baridi ile Eisaku alipolazwa.

Dukani Kushiro, kijana Onodera ananitolea lenzi
kama anayemtoa mtoto kwenye beseni, kwa mikono miwili.
Milimita mia sita. Kilo tatu na ushei.
"Hii inakunywa mwanga," anasema,
"alfajiri yako itakuwa kama saa nne."
Bei haitamki, anaiandika kwenye karatasi.
Mimi nabadilisha yeni kuwa maziwa:
ng'ombe kumi na wanane, miezi mitano,
na sisi wote tusile.

Ya pili inavutwa na kurudishwa kama pampu ya baiskeli.
Nyepesi, inaingia mfuko wa koti la kukamulia.
Ila tundu lake dogo;
jua lisipotoka, ndege atatoka moshi.
Kisha kuna kile kipete cha kuunga nyuma:
kinavuta kilicho mbali, kinakunyang'anya mwanga.
Hakuna cha bure, hata ndani ya kioo.

Mchagua jembe si mkulima.
Hayo nilikuwa nikimpigia Eisaku
akishinda kwa muuza matrekta, anapapasa matairi,
arudi jioni na kalenda ya bure.
Leo saa ya tatu hii nimesimama hapa,
kahawa niliyopewa imeota ngozi.

"Unapiga za mashindano?"
"Za kusoma."
Ananitazama. Halafu anasema, chukua usiku mmoja,
uniachie leseni.

Nikaifunga mkanda kwenye kiti cha kushoto,
kiti ambacho hakijakaliwa tangu Machi.
Kila kona nikaishika kwa mkono.

Saa kumi na moja, digrii ishirini na mbili chini ya sifuri.
Miguu mitatu ni ya Eisaku, ya mbao,
aliyopimia mipaka ya mashamba ya watu.
Mbao haiumi vidole kama chuma.
Betri moja kwenye kamera, mbili kwapani.
Pumzi naigeuzia pembeni,
maana kioo kikishika ukungu, ukungu unaganda,
na kikiganda, umekuja kutazama barafu.

Mto ulikuwa unafuka.
Wakajitokeza mmoja mmoja, shingo zimezama mgongoni,
na yeye wa nne kutoka kwenye mti ulioanguka,
namjua kwa bawa lisilokunjika vizuri.
Nikazungusha, nikazungusha,
ukaja mguu,
magamba yake, tone la maji lililogandia gotini,
karibu hata nikataka kulifuta.

Mguu mtupu.
Ule wenye pete alikuwa ameukunja,
ameulaza ndani ya manyoya, palipo na joto.

Nikangoja. Betri ya kwanza ikafa, na ya pili.
Jua lilipogusa matawi akaamka, akaushusha mguu,
akaushusha majini.

Onodera alizipitia zote, kichwa ameinamisha.
Akakuza moja mpaka ikawa vijiwe vya rangi.
"Je, ndiye?"
"Alilala kwa mguu mmoja," nikamjibu.

Hakucheka. Alifuta theluji iliyobaki kwenye kifuniko,
akafungua daftari, akauliza jina langu linaandikwaje,
akaliweka Jumamosi.
"Na kile kipete?"
Nikasema, kiandike nacho.